Joto la Umeme Badala ya Jiko la Mkaa: Namna ya Kuchagua Hita ya Chumba cha Kulala

Miezi ya Juni, Julai na Agosti ni miezi ya baridi kali katika nyanda za juu kusini. Makete, Njombe na Mufindi huamkia ukungu, na katika uwanda wa Kitulo, ulio karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, majani huonekana meupe kwa jalidi alfajiri. Nyumba nyingi hazikujengwa kwa kuhifadhi joto. Kuta zake ni za tofali moja, paa ni la bati, na vyumba vingi havina dari. Joto linalopatikana jioni hupotea kabla ya usiku wa manane.

Kwa miaka mingi jiko la mkaa limefanya kazi mbili katika nyumba hizi: limepika chakula, kisha likaingizwa ndani ili kupasha joto chumba. Kazi ya kwanza sasa inaanza kuhamia kwingine. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, umeweka lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo 2034, na kaya nyingi zimekwisha kununua majiko ya gesi au ya umeme. Lakini kazi ya pili haikupata mrithi. Familia hupika kwa gesi saa moja jioni, na saa tatu usiku huwasha mkaa kwa ajili ya baridi tu. Somo hili linahusu kazi hiyo ya pili: namna ya kupata joto la umeme lililo salama, kwa gharama ambayo kaya ya kawaida inaweza kuibeba.

Kwa nini jiko la mkaa halifai ndani

Mkaa unapoungua mahali penye hewa kidogo hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ikivutwa, hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na hivyo damu hushindwa kubeba oksijeni ya kutosha kwenda kwenye ubongo na moyo. Aliyelala hapati onyo lolote. Usingizi wake huzidi kuwa mzito, na huenda asiamke tena.

Yapo mazoea matatu yanayowadanganya wengi. La kwanza ni kungoja mkaa uive na moshi uishe ndipo jiko liingizwe ndani. Moshi ni kitu kimoja na kaboni monoksaidi ni kitu kingine. Makaa mekundu yasiyotoa moshi bado hutoa sumu hiyo. La pili ni kuyafunika makaa kwa majivu ili yadumu hadi asubuhi. Kufanya hivyo hupunguza hewa inayoufikia mkaa, na mkaa unaokosa hewa ndio utoao sumu zaidi. La tatu ni kuweka beseni la maji karibu na jiko. Maji hayanyonyi hewa hiyo kwa kiasi chochote cha kumwokoa mtu.

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu usioelezeka. Watu wawili au watatu wa chumba kimoja wakizipata kwa pamoja, na wakapata nafuu wakitoka nje, jiko lishukiwe kabla ya malaria. Aliyezidiwa atolewe nje mara moja na kupelekwa kituo cha afya hata kama amezinduka. Mama mjamzito awahishwe zaidi, kwa kuwa mtoto aliye tumboni hudhurika kabla dalili za mama hazijawa kubwa.

Jiko la gesi nalo si hita. Kuliacha likiwaka katika chumba kilichofungwa ili kupasha joto huleta hatari ya namna ile ile, pamoja na hatari ya moto.

Uniti moja ni uniti moja

Mkazi anayeamua kununua hita hukutana dukani na maneno mengi: hii ni ya kisasa, hii haili umeme, hii inapasha nyumba nzima. Kanuni moja ikieleweka, maneno hayo hupoteza nguvu.

Uniti moja ya LUKU ni umeme unaotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kwa saa moja. Hita ya wati 2,000 hula uniti mbili kwa saa, na ya wati 500 hula nusu uniti. Umeme wote unaoingia katika hita ya kawaida hugeuka kuwa joto, iwe hita ya bei nafuu au ya bei ghali, iwe ya feni au ya mafuta. Kwa hiyo hakuna hita ya kawaida inayotoa joto zaidi kwa uniti moja kuliko mwenzake. Hita "isiyokula umeme" ni hita yenye wati chache, na yenye wati chache hutoa joto kidogo.

Swali la kuuliza dukani, basi, si hita ipi ina nguvu kuliko nyingine. Swali ni hili: je, kinachotakiwa kupashwa joto ni chumba kizima, ni mtu aliyekaa mahali pamoja, au ni kitanda? Kupasha joto chumba kisicho na dari ni kulipia joto la bati na la anga. Kupasha joto kitanda ni kulipia joto la aliyelala.

Aina za vifaa na kazi zake

Hita ya feni hupuliza hewa ya moto. Hupasha haraka, lakini ikizimwa joto huondoka nayo. Inafaa kwa dakika chache, kama vile wakati wa kumwogesha mtoto katika chumba kidogo chenye dari. Katika chumba kisicho na dari hewa yake hupanda juu na kupotea.

Hita ya mafuta ina mapezi ya chuma yaliyojazwa mafuta yasiyoungua wala kupungua. Huchelewa kupata moto, na huchelewa pia kupoa. Haina sehemu inayowaka nyekundu, haipigi kelele, na nyingi zina kidhibiti kinachozima umeme joto likifika kiwango kilichowekwa. Kwa chumba cha mgonjwa au cha mzee anayeshinda ndani, chenye dari na mlango unaofunga vizuri, hii ndiyo inayofaa zaidi miongoni mwa hita za kawaida.

Hita ya mirija mekundu hupasha kile kilicho mbele yake, kama lifanyavyo jua. Haihitaji kuipasha kwanza hewa ya chumba, kwa hiyo inamfaa fundi cherehani au mwanafunzi aliyekaa mahali pamoja kwa saa moja. Lakini kanga, blanketi au chandarua kikiigusa huweza kushika moto. Haifai kuachwa ikiwaka watu wamelala.

Blanketi la umeme hutandikwa juu ya godoro, chini ya shuka. Mengi hutumia kati ya wati 60 na 120 tu, yaani sehemu ndogo ya kumi ya hita kubwa. Huwashwa muda mfupi kabla ya kulala na kuzimwa mtu anapojilaza. Halimfai mtoto mchanga, mtu anayekojoa kitandani, wala mgonjwa asiyeweza kuhisi moto au kujigeuza. Lililochakaa au lenye waya uliokunjika lisitumike.

Birika la umeme na chupa ya mpira ya maji ya moto ndiyo njia nafuu kuliko zote. Kuchemsha lita moja na nusu ya maji hutumia takribani uniti 0.15. Maji yaliyopoa kidogo baada ya kuchemka hutiwa katika chupa ya mpira yenye kifuniko kizima, chupa huvikwa kitambaa, kisha huwekwa miguuni. Njia hii haihitaji umeme tena mtu anapokuwa amelala.

Kiyoyozi chenye sehemu ya joto ndicho pekee kinachoikiuka kanuni ya uniti, kwa sababu hakitengenezi joto bali hulikusanya kutoka hewa ya nje na kulileta ndani. Kwa uniti moja ya umeme kinaweza kuleta joto la takribani uniti tatu. Bei ya kukinunua na kukifunga ni kubwa, na si kila kiyoyozi kina sehemu ya joto. Kinafaa kufikiriwa na nyumba za wageni, zahanati na ofisi zinazohitaji joto kwa saa nyingi kila siku.

Hesabu ya LUKU

Hapa ndipo kaya nyingi huumia bila kujua sababu. Kwa viwango vilivyoanza kutumika 2016, mteja mdogo wa majumbani, aliye katika kundi la D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti katika uniti 75 za kwanza za mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Mteja wa kundi la T1 hulipa shilingi 292 kwa kila uniti. Juu ya bei hizo huongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, tozo ya REA ya asilimia 3 na tozo ya EWURA ya asilimia 1. Kwa hiyo uniti ya shilingi 100 hufika shilingi 122, ya shilingi 350 hufika shilingi 427, na ya shilingi 292 hufika takribani shilingi 356.

Tuchukue kaya iliyo katika D1, inayotumia uniti 60 kwa mwezi kwa taa, redio, simu na pasi. Malipo yake ni shilingi 7,320. Kaya hiyo ikinunua hita ya wati 2,000 na kuiwasha saa tatu kila usiku, itaongeza uniti 6 kwa siku, sawa na uniti 180 kwa mwezi. Jumla itakuwa uniti 240. Uniti 75 za kwanza zitagharimu shilingi 9,150, na zile 165 zilizozidi zitagharimu shilingi 70,455. Malipo ya mwezi yatakuwa shilingi 79,605, yaani zaidi ya mara kumi ya yale ya awali. Na mteja anayezidisha uniti 75 mara kwa mara huhamishiwa T1, ambako hata uniti za taa zitalipiwa kwa bei ya juu.

Kaya hiyo hiyo ikichagua blanketi la wati 80 na kuliwasha saa mbili kila usiku, itaongeza uniti 4.8 kwa mwezi. Ikiongeza na chupa mbili za maji ya moto kila usiku, itaongeza uniti 9 nyingine. Jumla haitafika uniti 74, na malipo yatakuwa takribani shilingi 9,000. Kaya imebaki D1, na vitanda vina joto.

Katikati ya mifano hiyo miwili ipo kaya yenye mtoto mchanga, inayohitaji hita ya wati 1,000 kwa saa moja tu wakati wa kumwogesha. Itaongeza uniti 30 kwa mwezi, na jumla itakuwa uniti 90. Malipo yatakuwa shilingi 15,555. Ni nyongeza inayoweza kupangwa, lakini kaya ijue kwamba imevuka mpaka wa uniti 75, na irudi chini yake baridi ikipungua.

Kabla ya kununua hita yoyote, mkazi anashauriwa kutazama stakabadhi zake za LUKU za miezi mitatu iliyopita, ajumlishe uniti alizonunua kila mwezi, kisha aone amebakiwa na nafasi kiasi gani kabla ya kufika 75. Ni nafasi hiyo, wala si maneno ya muuzaji, inayoamua ni kifaa gani kaya inaweza kukimudu. Stakabadhi huonyesha pia bei na makato yanayotumika siku hiyo, na hizo ndizo za kufuatwa endapo viwango vitabadilishwa.

Kwa wanaopanga vyumba na kuchangia mita moja, jambo hili linahitaji mazungumzo mapema. Hita ya mpangaji mmoja inaweza kuwatoa wote katika uniti za bei nafuu. Ni vyema wapangaji na mwenye nyumba wakubaliane kabla ya Juni nani atatumia kifaa gani, kwa saa ngapi, na atachangia kiasi gani. Mita ndogo ya kila chumba, iliyofungwa na fundi, huondoa ugomvi mwingi.

Nyaya na soketi

Hita ni mzigo mzito kuliko vifaa vingi vya nyumbani. Yenye wati 2,000 huvuta karibu ampea 9 kwa saa nzima bila kupumzika, wakati plagi ya kawaida imetengenezwa kwa ampea 13. Kwa sababu hiyo hita ichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Isiunganishwe kwenye ekstensheni nyembamba pamoja na birika na pasi, wala kwenye waya uliovutwa kutoka kwenye taa, kwa kuwa nyaya za taa ni nyembamba kuliko za soketi.

Plagi ikiwa ya moto mkononi, soketi ikibadilika rangi, au harufu ya plastiki ikisikika, hita izimwe na isitumike mpaka fundi aikague soketi hiyo. Sakiti breka inayokatika kila mara hita inapowashwa inatoa taarifa ya kweli. Kuibadilisha kwa kubwa zaidi bila kubadilisha nyaya ni kunyamazisha mlinzi. Nyumba ambayo nyaya zake ni za zamani, au hazijulikani zilitandazwa na nani, ikaguliwe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Hita ikae angalau mita moja kutoka kwenye pazia, chandarua, godoro na nguo. Isitumike kukaushia nguo za mtoto kwa kuzitandaza juu yake. Umeme unapokatika, swichi ya hita izimwe hapo hapo, maana umeme unaweza kurudi usiku nguo ikiwa imekwisha kuangukia hita. Moto ukitokea, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Kwanza zuia joto lisitoroke

Joto la bei nafuu kuliko yote ni lile ambalo tayari limo ndani. Kuweka dari, hata ya mbao nyepesi au ya turubai lililokazwa vizuri, huzuia hewa ya moto isipande hadi kwenye bati. Kitambaa kilichoviringishwa chini ya mlango, pazia zito dirishani, na mkeka au zulia juu ya sakafu ya saruji hupunguza baridi usiku mzima bila uniti hata moja. Kitanda kikisogezwa mbali na ukuta wa nje, ubaridi wa ukuta haumfikii aliyelala.

Jambo moja lisisahaulike: chumba kilichozibwa hivyo kinafaa kwa joto la umeme tu. Kadiri mapengo yanavyozibwa ndivyo jiko la mkaa linavyozidi kuua. Usiku ambao umeme umekatika, wakati mkaa unapomjia mtu akilini kwanza, ndio usiku wa hatari kubwa kuliko wote. Kaya iwe na mpango wake mapema: maji ya moto katika chemchemu, blanketi la akiba, watoto kulala pamoja. Mtoto mchanga avikwe kofia na soksi, na abebwe kifua kwa kifua na mama, namna ambayo wauguzi huwafundisha wazazi wa watoto njiti. Joto la mama halikatiki kwa mgao.

Mpangilio wa uamuzi

Mkazi anayetaka kuachana na jiko la mkaa chumbani afuate mpangilio huu. Kwanza, azibe mapengo na kuweka dari kadiri ya uwezo wake. Pili, ajumlishe uniti zake za mwezi na kujua nafasi iliyobaki. Tatu, aanze na kitanda: chupa ya maji ya moto, kisha blanketi la umeme kwa wanaoweza kulitumia. Nne, ikiwa yumo mgonjwa, mzee au mtoto anayehitaji chumba chenye joto, achague hita ya mafuta yenye kidhibiti, wati zisizozidi mahitaji ya chumba, na saa zinazohesabika. Tano, akague soketi kabla ya hita kuwashwa kwa mara ya kwanza.

Maswali kuhusu kundi la malipo au mita yaulizwe katika ofisi ya TANESCO ya wilaya, mkazi akiwa na namba ya mita na stakabadhi zake. Nalo jiko la mkaa, kwa nyumba ambazo bado zinalitumia kupikia, libaki nje au katika jiko lenye madirisha wazi, na lizimwe huko huko kabla ya mlango wa kulala kufungwa.